Shajara ya mradi: kundi letu kuelekea shindano la kwanza la mchemraba wa Rubik

Lengo

Lengo la mradi ni dogo kwa makusudi. Kila mmoja kwenye kundi aketi mezani katika shindano linalotambuliwa na World Cube Association, yaani WCA, autatue mchemraba wa 3x3 mara tano, na aondoke na wastani uliosajiliwa. Medali hazimo kwenye mpango. Minh Thai alitwaa ubingwa wa kwanza wa dunia kule Budapest mwaka 1982 kwa sekunde 22.95, mwaka 2025 Xuanyi Geng wa China aliumaliza mchemraba kwa sekunde 3.05. Kwa mchemraba wenye sumaku na fomula (mifuatano ya mizunguko inayokaririwa) ambazo watu wamezichuja kwa zaidi ya miaka 40, muda wa Minh Thai sasa unafikiwa na mtu wa kawaida anayefanya mazoezi kila siku. Kwa hiyo alama tuliyoweka ni sekunde 25, na sekunde 30 ndicho kiwango cha chini tunachodai kabla ya mtu kujisajili.

Kinachoandikwa kwenye matokeo na kupanga nafasi ni wastani. Majaribio ni matano. La haraka kuliko yote na la polepole kuliko yote yanatupwa, matatu yaliyobaki yanajumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Chukua 18.42, 17.90, 25.03, 19.11 na 18.66. Inatupwa 17.90, inatupwa 25.03, wastani ni 18.73. Lile jaribio bovu la 25.03 halikuumiza kitu. Sasa lile la 19.11 lipewe adhabu ya sekunde mbili: wastani unapanda hadi 19.40. Na kama, bila adhabu hiyo, lile la 18.66 limefutwa, yaani limeandikwa DNF, basi DNF ndiyo inayohesabiwa kuwa mbaya kuliko yote, 25.03 inarudi kwenye hesabu, na wastani unakuwa 20.85. DNF zikiwa mbili, wastani haupo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyopanga ratiba nzima. Kupunguza nusu sekunde kwa kasi ya vidole ni kazi ya wiki nyingi, na adhabu moja inaweza kuifuta yote. Nusu ya muda wa kundi tumeipeleka kwenye utaratibu wa mezani: ukaguzi, taima, kuachia mchemraba, kungoja mwamuzi.

Vifaa

Michemraba ya bei ya chini yenye stika, ile ya kwenye meza za vitu vya kuchezea, imewekwa kando kwa ajili ya kufundishia namna ya kufungua na kurudishia. Haifai kwa mbio kwa sababu moja: safu isipokaa sawasawa na jirani yake, kona inagonga ukingo na mchemraba unaganda. Mchemraba wa mbio una vipande vilivyokatwa ndani kwa mviringo, hivyo safu inaweza kupita hata kama nyingine haijafika mwisho. Sumaku ndogo ndani ya kona na kingo zinaivuta safu ijipange yenyewe inapokaribia kusimama.

Tumechagua MoYu RS3M 2020 kwa kila mtu. Una upande wa takriban milimita 56, una sumaku, rangi imo ndani ya plastiki yenyewe kwa hiyo hakuna stika ya kuchubuka, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya michemraba ya kampuni ya GAN. Wote kutumia aina moja kuna faida ya ziada: kipande kikipotea, kuna cha kuazima. Michemraba inayounganishwa na simu kwa bluetooth tumeiacha kabisa, kwani kanuni haziruhusu kifaa cha umeme ndani ya mchemraba wa mashindano.

Kuuandaa mchemraba mpya, hatua ni hizi. Bandua vifuniko sita vya vitovu, yaani vipande vya katikati ya kila uso, kwa ukucha au bisibisi bapa. Kaza skrubu zote kwa nguvu sawa, kisha legeza kila moja robo mzunguko kwa zamu, huku ukijaribu baada ya kila awamu. Usimalize skrubu moja halafu uende nyingine. Mchemraba wenye upande mmoja mgumu na mwingine laini humfanya mkono ukosee nguvu. Kipimo cha kutosha: pindisha safu ya juu nusu ya njia kuelekea nyuzi 45, kisha jaribu kuzungusha upande wa kulia. Ikipita bila kulazimishwa, mkazo unatosha. Uking'ang'ania, legeza robo nyingine. Kona ikiweza kuzungushwa mahali ilipo kwa kidole kimoja, umelegeza mno, na hilo litakuja kukugharimu katikati ya jaribio.

Mafuta yanakuja mwisho. Toa ukingo mmoja, dondoshea tone moja la silikoni nzito ndani, rudishia, zungusha pande zote kwa dakika kadhaa. Kisha tone moja au mawili ya mafuta mepesi ya maji kwa ajili ya kasi. Zaidi ya hapo mchemraba unakuwa kama umejaa uji. Mafuta ya kupikia, mafuta ya nazi, na yale ya kupulizia bawaba za milango yote yamepigwa marufuku kwenye mradi: ya kula huganda na kukusanya vumbi, na yale ya petroli yanaweza kuila plastiki.

Hali: imefungwa. Kila mtu ana mchemraba mkuu na wa akiba, yote imewekwa mkazo.

Joto na jasho

Hili limechukua muda kuliko tulivyopanga, na watu wa bara huenda wasilione kabisa. Pwani, kwenye unyevu wa mwezi wa tatu na wa nne, mambo mawili hutokea. Silikoni inapopata joto inakuwa nyepesi, mchemraba unakwenda kasi kuliko ulivyouandaa asubuhi, na mkono unaanza kupitiliza safu. Tumepandisha uzito wa silikoni daraja moja badala ya kukaza skrubu, maana skrubu iliyokazwa inakusumbua ukiingia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Pili, jasho la vidole huingia kwenye nafasi kati ya vipande, linachanganyika na mafuta ya maji, na baada ya siku chache mchemraba unatoa uchafu wa kijivu. Dawa ni kuvua vipande vyote, kuviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kuvianika kivulini hadi vikauke kabisa, kisha mafuta upya. Kiini chenye skrubu na springi hakitumbukizwi majini. Kinafutwa kwa kitambaa kikavu.

Vidole vyenye jasho pia huteleza kwenye plastiki laini. Kitambaa kidogo mfukoni kinatosha. Poda haifai, inaingia ndani.

Mbinu

Kundi linatumia CFOP, yaani msalaba wa kingo nne za chini, matabaka mawili ya kwanza, kuelekeza tabaka la mwisho, na kulipanga. Fomula kamili ni 57 za kuelekeza na 21 za kupanga, jumla 78. Kwa lengo la sekunde 25 hazihitajiki zote. Ukigawa kuelekeza na kupanga kila kimoja mara mbili, zinabaki 16: tatu za kutengeneza msalaba wa juu, saba za kona za juu, mbili za kupanga kona na nne za kupanga kingo. Tumeziweka 16 hizo kwanza, kisha 21 zote za kupanga, na 57 tumezisukuma baada ya shindano. Kuna wanaobisha mpangilio huu, lakini hali za kupanga ni chache na ni rahisi kuzitambua, na fomula nyingi kati yake zinakwenda kasi mkononi.

Mfano wa zilizokaa vizuri: R U R' U' R' F R2 U' R' U' R U R' F', ambayo inabadilishana kona mbili na kingo mbili. Hali hiyo inatokea mara 1 kati ya 18. Herufi R ni upande wa kulia, U wa juu, F wa mbele, alama ya ' ni kinyume cha saa, na 2 ni nusu mzunguko. Kosa linalojirudia kwa wanaojifunza fomula hii ni kubadilisha mshiko baada ya F. F isukumwe kwa kidole cha shahada cha kulia, na mkono usihame. Kila kuhama kwa mkono ni kama moja ya tano ya sekunde, na fomula moja inaweza kuficha kuhama kutatu.

Hata hivyo muda mwingi haupotei kwenye fomula. Tulirekodi majaribio kwa kamera ya simu na kuyatazama polepole: watu wote wa zaidi ya sekunde 25 wana shimo palepale, kwenye matabaka mawili ya kwanza, kati ya jozi moja ya kona na ukingo wake na jozi nyingine. Mkono unasimama, macho yanatafuta. Zoezi tulilolipa uzito ni kutatua polepole kwa makusudi, hatua mbili, yaani mizunguko miwili ya safu, kwa sekunde au hata chini, bila kusimama hata kidogo. Wakati vidole vinaingiza jozi ya kwanza, macho yasiangalie jozi hiyo. Yaitafute kona na ukingo wa jozi ya pili. Mwanzoni muda unapanda. Baada ya muda unashuka chini ya ulipokuwa, bila vidole kuongezewa kasi yoyote.

Kuna kasoro nyingine ndogo: kuuzungusha mchemraba mzima ili kutazama nyuma. Jozi nyingi za nyuma zinaweza kuingizwa kutoka zilipo. Tumeweka ukomo wa mizunguko miwili ya mchemraba kwa kila jaribio la mazoezi, na anayepita anaandika sababu.

Sekunde 15

Mshiriki anapewa sekunde 15 za kuukagua mchemraba kabla ya kuanza. Mwamuzi anatamka zinapofika sekunde 8, na tena zinapofika 12. Ukianzisha taima kati ya sekunde ya 15 na ya 17, unaongezewa mbili. Baada ya 17, DNF. Mchemraba unaweza kuushika na kuugeuza upendavyo, ila hairuhusiwi kuzungusha safu. Ukizungusha, jaribio limekwisha.

Msalaba wowote unaweza kutatuliwa kwa hatua zisizozidi 8, kwa hiyo mpango mzima wa msalaba unaingia ndani ya muda huo. Utaratibu tunaofundisha: kufikia "sekunde nane" uwe umeshaupata msalaba wote, kutoka 8 hadi 12 ufuate kona moja na ukingo wake uone zitakuwa wapi msalaba ukikamilika, kwenye "kumi na mbili" uweke mchemraba chini na mikono juu ya taima, hata kama jozi hujaipata. Sababu ya kukata mapema ni kwamba taima yenyewe inadai zaidi ya nusu sekunde ya kushikiliwa kabla haijawa tayari, na ukiinua mkono mapema hiyo nusu inaanza upya. Anayesubiri hadi 14 yuko kwenye hatari bila kujua.

Kwenye csTimer, programu ya kupimia muda wa mazoezi, ukaguzi wa WCA unawashwa kwenye mipangilio pamoja na sauti za 8 na 12. Tangu mwezi uliopita hakuna mazoezi ya muda yanayohesabiwa kama ukaguzi haujawashwa.

Taima

Taima ya mashindano ni ya kugusa kwa mikono miwili, inakaa juu ya mkeka na betri mbili ndogo za AAA. Unaweka vidole kwenye pedi mbili, viganja vikiangalia chini, taa nyekundu inawaka, ukishikilia inakuwa kijani, ukiinua mikono muda unaanza kwenda. Mchemraba usiguswe na mkono wakati huo. Ukimaliza, unauachia kabisa, kisha unagonga pedi zote mbili.

Hapo kwenye "kisha" ndipo adhabu zinapozaliwa. Aliyezoea kubonyeza kitufe cha nafasi kwenye kompyuta humaliza kwa dole gumba huku mchemraba ungali mkononi. Kwenye pedi, kusimamisha muda kabla hujauachia ni sekunde mbili za adhabu. Kuugusa baada ya kusimamisha, kabla mwamuzi hajaukagua, ni DNF, isipokuwa kama hakuna safu iliyosogea, ambapo mwamuzi anaweza kukuandikia mbili. Na adhabu zinajumlishwa. Mbili za kuachia na mbili za safu iliyopinda zinakuwa nne, na sekunde 24 inakuwa 28 mbele ya macho yako.

Kuhusu safu iliyopinda: mwisho wa jaribio, safu ikiwa imepinda kwa nyuzi 45 au chini yake, mchemraba umetatuliwa. Ikizidi hapo na ikahitaji mzunguko mmoja kukamilika, unaongezewa mbili. Ikihitaji zaidi ya mmoja, DNF. Chanzo chake karibu siku zote ni kuurusha. Mtu anamalizia U ya mwisho huku mkono unakimbilia pedi, mchemraba unatua kwa ukingo wake, safu inasogea. Zoezi: kuushusha kutoka kimo kisichozidi upana wa vidole viwili, uso mzima ukigusa mkeka, kisha mikono iende pembeni. Linaongeza takriban moja ya kumi ya sekunde. Ni bei nzuri.

Taima zetu ni mbili tu kwa kundi zima, kwa hiyo zamu zinapangwa na wengine wanatumia simu. Bado tunatafuta ya tatu. Betri zinakaguliwa kila mwanzo wa kikao. Zikiwa dhaifu, pedi moja huchelewa kuitika na mtu anadhani ni mkono wake.

Shindano la mazoezi

Limeendeshwa kama lile halisi, na kila mshiriki amekuwa pia mwamuzi, mvurugaji (anayeichanganya michemraba) na mbebaji (anayeipeleka mezani), kwa kuwa kwenye mashindano mengi washiriki huombwa kusaidia wakati kundi lao halichezi. Kituo kimoja kina meza, mkeka, taima, kifuniko cha mchemraba, saa ya mwamuzi, kalamu na kadi ya matokeo. Meza ya kuvuruga iko mbali, na anayecheza haangalii huko.

Mivurugo ya mashindano hutolewa na programu ya TNoodle. Kila mstari una hatua takriban 20 na picha ya mchemraba unavyopaswa kuonekana mwishoni. Mvurugaji anaanza na mchemraba uliotatuliwa, nyeupe juu na kijani mbele, hata kama yeye mwenyewe huanza na njano. Makosa yaliyojitokeza yalikuwa ya aina mbili: kusoma F2 kama F, na kupoteza mahali kwenye mstari baada ya mtu kumsemesha. Kulinganisha na picha nyuso zote, si ule wa mbele tu, kunayakamata yote mawili. Kusemeshana mezani pale kumekatazwa.

Kwa upande wa uamuzi, lililochelewesha ni kadi. Muda unaandikwa kama ulivyo kwenye taima, hadi sehemu ya mia ya sekunde, na adhabu inaandikwa wazi pembeni yake, si jumla peke yake: 24.31 yenye adhabu ni "24.31 + 2 = 26.31". Mshiriki anasoma, anakubali, anatia saini. Akiona kasoro aseme kabla ya kusaini, na akitofautiana na mwamuzi anaitwa mwakilishi wa WCA aliyepo ukumbini.

Hali: imefanyika. DNF nyingi zilitoka kwa kugusa mchemraba mapema. Ukaguzi uliopitiliza ulikuwa nadra kuliko tulivyotegemea. Zoezi la kuondoa mikono pembeni linaendelea kila kikao.

Mchemraba ukifumuka

Kipande kikiruka katikati ya jaribio, muda hausimami. Unaweza kukirudishia na kuendelea, au kusimamisha na kukubali DNF. Ukirudishia vibaya mchemraba usitatulike, kanuni zinakuruhusu kuvua na kurudisha vipande visivyozidi vinne ili utatulike. Kona moja iliyopinda peke yake inaweza kuzungushwa mahali ilipo.

Jinsi ya kuitambua kona iliyopinda: umefika mwisho, kona tatu za juu zina rangi sahihi na moja haina. Hali hiyo haiwezi kutokea kwenye mchemraba uliokaa sawa. Asiyejua hurudia fomula ya kona mara tatu akidhani amekosea. Anayejua anaibana kona, anaizungusha, na amepoteza sekunde mbili au tatu.

Yaliyobaki kabla ya siku

Usajili unafanyika kupitia akaunti kwenye tovuti ya WCA, kwa jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anayeshiriki kwa mara ya kwanza hana namba ya WCA. Anaipata baada ya matokeo kuchapishwa, na inaanza na mwaka wa shindano hilo. Wawili kwenye kundi wana majina yanayotofautiana kati ya pasipoti na cheti cha shule, nao wamesajiliwa kwa lile la pasipoti, ndiyo watakayoibeba.

Wasome pia muda wa kikomo wa raundi. Shindano likiweka kwamba moja kati ya majaribio mawili ya kwanza liwe chini ya muda fulani, asiyefikia hapati matatu yaliyobaki, na bila matano hana wastani. Kwa hiyo jaribio la kwanza lisiwe la kupasha vidole joto; hilo lifanyike nje ya eneo la mashindano, dakika kumi kabla ya kuitwa, kwa mchemraba uleule utakaotumika.

Begi: michemraba miwili, bisibisi, chupa ndogo ya silikoni ndani ya mfuko wa plastiki, kitambaa, kitambulisho, viziba masikio vya sponji kwa asiyevumilia kelele. Spika na visikilizio vya masikioni vibaki nyumbani, na simu izimwe kabla ya kuketi mezani. Skrubu zisiguswe siku mbili kabla ya safari.